Kodi ya mtu aliye mbali: kutoka tiketi ya kichwa hadi kodi ya zuio

Wadau wa mabwenini na wa mageto, mliopata boom na mnaoendelea kuchungulia akaunti! Leo sina habari za kampasi. Niliwaahidi siku nyingi kwamba nitaandika kitu cha historia kinachotugusa sisi watu wa Songwe, na nimechagua kodi. Usikimbie kwanza! Najua hilo neno linafanya watu wafunge ukurasa, ila humu ndani kuna dhahabu, kuna mpaka wa Tunduma, kuna kesi za Mahakama ya Rufani, na mwishoni kuna kitu kinachowahusu hata ninyi mnaosomea ualimu.

Swali lenyewe ni hili. Kuna mtu yupo London. Hajawahi kukanyaga Tunduma, hajui Mkwajuni iko wapi, na ukimtajia kwetu Mbangala atadhani ni jina la ngoma. Lakini hela inatoka Tanzania inakwenda kwake: gawio la hisa, riba ya mkopo aliotoa, au malipo ya ushauri aliouandika akiwa ofisini kwake. Serikali ya Tanzania itamtoza vipi kodi? Haiwezi kumtuma mgambo London. Haiwezi kufunga duka lake, kwa sababu duka halipo hapa.

Jibu la sasa linaitwa kodi ya zuio. Yaani yule anayelipa, aliyeko hapa hapa, anakata kipande cha hela kabla haijaondoka, anakipeleka TRA, halafu anaandika ripoti kwamba nimemlipa fulani wa nchi fulani kiasi hiki na nimekata kiasi hiki. Inaonekana rahisi eeh? Kumbe kufika hapo imechukua zaidi ya miaka mia moja, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo kodi ilikuwa inamkamata aliye karibu huku aliye mbali akipita.

ALIYE KARIBU NDIYE ALIYELIPA

Tuanze na Mjerumani. Sheria ya kodi ya nyumba kwa Afrika Mashariki ya Kijerumani ilitangazwa mwaka 1897 ikaanza kutumika Aprili 1898. Nyumba ya kawaida ya kijijini ilitozwa rupia 3 kwa mwaka. Asiyekuwa na rupia alilipa kwa mazao au kwa kufanya kazi. Wakusanyaji walikuwa maakida na majumbe, na jumbe alipata sehemu yake katika alichokusanya. Hapo tayari unaona mbinu: serikali haina watu wa kutosha kuzunguka kila kijiji, kwa hiyo inamtafuta mtu aliye katikati na kumbebesha kazi ya kukusanya.

Waingereza walipochukua nchi wakaendeleza. Sheria yao ya kodi ya nyumba na kodi ya kichwa ni ya mwaka 1922. Baada ya sheria ya mamlaka za wenyeji ya 1926, kazi ya kukusanya ilikaa kwa machifu, na sehemu ya makusanyo ikaingia kwenye hazina za wenyeji. Ukilipa unapewa tiketi. Mwanaume alitakiwa awe nayo, maana akikutana na msako bila tiketi ana kesi ya kujibu. Wazee waliitunza ile tiketi kama sisi tunavyotunza kitambulisho cha chuo siku ya UE.

Tumefundishwa wote kwamba kodi hii haikuwa ya kukusanya hela tu. Ilikuwa pia ya kuwasukuma watu kwenye kazi za mshahara. Kama unalima ulezi na kufuga, huna shilingi, na kodi inataka shilingi, basi utaifuata shilingi iliko. Kutoka Rungwe na sehemu nyingine za nyanda zetu za juu watu walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, wengine wakavuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na baadaye wengine wakafika mpaka migodi ya Afrika Kusini. Hao ndio walikuwa wanapata malipo ya kigeni zama zile! Na ukirudi nyumbani kodi ya kichwa inakusubiri, kwa sababu nyumba yako na ndugu zako wanajulikana.

Sasa shika hapo. Mtu aliyevuka mpaka kwa miguu kutafuta hela ya kodi alikuwa anakamatika. Je, mtu ambaye hela yake ilivuka bahari bila yeye kuinuka kwenye kiti?

DHAHABU YA LUPA NA FAIDA ILIYOONDOKA

Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922, katika eneo ambalo leo limegawanyika kati ya Chunya na wilaya yetu ya Songwe. Mwanzoni ilikuwa dhahabu ya mchanga wa mito, wachimbaji wadogo wa Kizungu wamejazana na karai zao, na maelfu ya vibarua wa Kiafrika ndio wanaochimba na kuosha. Baadaye ikaja ya kwenye miamba, inayotaka mashine na mtaji. Mgodi mkubwa wa ukanda huo ulikuwa New Saza, uliofanya kazi kuanzia 1939 hadi 1956. Mwishoni mwa miaka ya 1930 dhahabu ilikuwa ya pili baada ya mkonge katika vitu Tanganyika ilivyouza nje.

Serikali ya kikoloni ilipata kitu gani hapo? Ilipata ada za leseni na mrabaha wa madini. Lakini kodi ya mapato, yaani kodi ya faida yenyewe, ilikuwa haipo kabisa Tanganyika mpaka mwaka 1940. Kenya walianza 1937, nako baada ya walowezi kupiga kelele kwa miaka mingi. Wazungu na Waasia wa Tanganyika walilipa kodi yao ya kichwa ya wasio wenyeji, ila faida inayopelekwa kwa wenye hisa ng'ambo ilipita bila kuulizwa.

Weka hivyo vitu viwili pamoja. Kibarua wa Lupa alilipa kodi kuanzia 1922, na kabla ya hapo baba yake alilipa kuanzia 1898. Mwenye hisa za mgodi ng'ambo hakudaiwa kodi ya mapato Tanganyika mpaka 1940, tena ikaja kwa sababu ya vita vya pili vya dunia na Uingereza kuhitaji fedha. Ni miaka zaidi ya 40 ya tofauti. Hii ndiyo sehemu ambayo kwenye desa zetu za historia ya uchumi haipo. Tunakariri kwamba kodi ya kichwa ilikuwa ya kinyonyaji, sawa kabisa, ila hatuulizi nani alikuwa halipi wakati huo huo.

UJANJA WA 1803

Unaweza kusema labda kumtoza mtu wa mbali ilikuwa ngumu, mbinu haikujulikana. Hapana. Mbinu ilijulikana vizuri, tena huko huko kwao.

Mwaka 1799, Waziri Mkuu William Pitt alianzisha kodi ya mapato Uingereza ili kugharamia vita na Ufaransa. Kiwango cha juu kilikuwa asilimia 10, na kila mtu alitakiwa ajitangazie mwenyewe mapato yake yote. Unajua binadamu: watu walijitangazia umaskini. Mwaka 1803 Henry Addington akaleta sheria mpya yenye kitu kimoja kikubwa, kukata kodi kwenye chanzo. Anayelipa riba au pango anakata kodi kabla ya kumpa mwenyewe. Kiwango kilikuwa asilimia 5 tu, nusu ya kile cha Pitt, na bado makusanyo yakakaribiana na ya mwanzo.

Yaani nusu ya kiwango, hela karibu ile ile. Ukimwambia mtu jitangazie, anaficha. Ukimpata anayemlipa, hana sababu kubwa ya kuficha, kwa sababu hela si yake. Hiyo ndiyo akili yote ya kodi ya zuio, na Waingereza walikuwa nayo miaka 137 kabla ya kuleta kodi ya mapato Tanganyika.

HELA IMEZALIWA WAPI?

Baada ya 1940 mambo yakaenda kwa pamoja kwa nchi zote tatu za Afrika Mashariki. Sheria ya pamoja ya usimamizi wa kodi ya mapato ilikuja 1952, ikaandikwa upya 1958, na idara ya kodi ikawa moja kwa Tanganyika, Kenya na Uganda. Jumuiya ilipoanza kuyumba kila nchi ikachukua kodi yake. Sisi tukapata Sheria ya Kodi ya Mapato namba 33 ya 1973. TRA ikaanza kazi Julai 1996. Halafu ikaja Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, ambayo ndiyo msingi mpaka leo pamoja na marekebisho yake ya kila bajeti.

Kuna kitu cha kuchekesha hapo. Kodi ya kichwa, ile ambayo miaka ya 1980 na 1990 iliitwa kodi ya maendeleo na iliyokuwa inawafanya baba zetu walale maporini wakimkimbia mgambo, ilifutwa mwaka 2003. Mwaka mmoja baadaye ndiyo tukapata sheria iliyopanga vizuri namna ya kumkamata aliye ng'ambo. Sisemi moja ilisababisha nyingine. Ila ukizipanga tarehe, unaona nchi imechelewa sana kumgeukia mtu wa mbali.

Huko duniani nako kulikuwa na ugomvi wa muda mrefu. Hela ikitoka nchi A kwenda kwa mtu wa nchi B, nani ana haki ya kutoza? Chini ya Shirikisho la Mataifa ziliandikwa rasimu mbili za mikataba. Ile ya Mexico ya 1943 ilipendelea nchi ambako hela imezaliwa. Ile ya London ya 1946 ilipendelea nchi anakokaa mpokeaji. Bila shaka unaweza kukisia nchi tajiri zilipenda ipi. Umoja wa Mataifa ulitoa mfano wake wa mkataba mwaka 1980 kwa ajili ya nchi maskini na tajiri, na haukuwa na kifungu maalumu cha ada za huduma za kitaalamu mpaka toleo la 2017.

Sasa sheria yetu ya 2004 inasemaje? Kwanza ondoa kichwani wazo kwamba "mgeni" ni mtu mwenye pasipoti ya nje. Sheria inaangalia ukazi. Mchina aliyeweka makazi Dar na kukaa humo zaidi ya nusu mwaka ni mkazi. Kampuni iliyoandikishwa Tanzania ni mkazi hata kama wenye hisa wote wako Toronto. Asiye mkazi ni yule ambaye kweli yupo nje ya vigezo hivyo.

Viwango vya kawaida vilivyowekwa ni hivi: gawio asilimia 10, au 5 kama kampuni imeorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Riba asilimia 10. Malipo ya kutumia hakimiliki au hataza ya mtu asilimia 15. Ada ya huduma kwa asiye mkazi asilimia 15, wakati mkazi anakatwa 5. Pango kwa asiye mkazi 15, kwa mkazi 10. Bima inayolipwa nje asilimia 5. Aliyekata anatakiwa kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, anampa aliyekatwa cheti, na anawasilisha taarifa za malipo yote aliyofanya. Kwa asiye mkazi, kwa kawaida hiyo ndiyo kodi ya mwisho, hatakiwi tena kuleta hesabu zake hapa.

Hicho cheti ndicho tiketi ya kichwa ya mgeni, isipokuwa anaipokea akiwa amekaa kwenye kiti chake na hakuna anayemsimamisha njiani. Na zile taarifa nazo msizidharau. Kukata hela ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni serikali kujua jina la nani amelipwa, kwa kazi gani, yuko nchi gani. Jumbe alikuwa na daftari la nyumba. Bila daftari hata Mjerumani asingejua nani hajalipa.

NENO MOJA, KESI NZIMA

Turudi kwenye dhahabu, maana ndiko swali linapouma. Songwe bado tunachimba. Mgodi wa New Luika upo wilayani kwetu, ukanda ule ule wa Lupa, na ulimimina dhahabu yake ya kwanza mwaka 2012. Sisemi kwamba mgodi huo au mwingine wowote wa kwetu umekwepa kitu, sina habari hizo. Nauchukua kama mfano wa kazi ilivyo: mgodi wa kisasa unanunua huduma nyingi nje. Mashauri ya miamba, programu za kompyuta, vipimo vya maabara, bima, mikopo.

Fikiria sampuli ya mwamba imetobolewa Mbangala, imepelekwa maabara ya ng'ambo, ikapimwa huko, na majibu yakaja kwa barua pepe. Gharama tuseme shilingi milioni 100. Huduma imetolewa wapi? Kama imetolewa Tanzania, milioni 15 zinabaki na 85 zinakwenda. Kama imetolewa huko ng'ambo, zinakwenda zote 100 na hapa inabaki sifuri. Tofauti ya milioni 15 imening'inia kwenye neno moja, "kutolewa".

Kwa miaka mingi makampuni yalisema: sheria inataja huduma iliyotolewa ndani ya Jamhuri ya Muungano, sisi mtaalamu wetu alifanya kazi akiwa nje, hakuna cha kukata. TRA wakasema huduma imeliwa hapa, anayelipa yupo hapa, kwa hiyo chanzo ni hapa. Bunge likaingilia kwenye Sheria ya Fedha ya 2016 likarekebisha kifungu hicho (cha 69 kwa namba za wakati ule) ili mahali alipokaa mtaalamu pasiwe tena mwanya wa kuponyokea.

Lakini malipo ya kabla ya 2016 je? Hapo ndipo ilipokuja kesi ya Tullow Tanzania BV, kampuni iliyokuwa inatafuta mafuta na gesi nchini, dhidi ya Kamishna Mkuu wa TRA. Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 2018. Ikasema neno lile lisisomwe kwa ufinyu. Mtoa huduma wa nje anapokuwa amemletea huduma mtu wa Tanzania, ikatumika Tanzania, na hela ikalipwa na mtu wa Tanzania, basi chanzo cha hela hiyo ni Tanzania na zuio linahusika. Wanasheria wa kodi bado wanabishana kuhusu hukumu ile, wengine wanaona mahakama iliivuta sheria. Mimi si mwanasheria. Ninachoona kama mtu wa historia ni kwamba swali la Mexico na London lilikuwa limefika Dar es Salaam.

Kesi ya pili ni ya magawio. African Barrick Gold, baadaye Acacia, iliandikishwa Uingereza mwaka 2010 kama kampuni mama ya migodi ya Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara. Kati ya 2010 na 2013 ililipa magawio kwa wenye hisa wake. TRA ikasema kampuni hii ni mkazi wa Tanzania, kwa hiyo ilitakiwa ikate zuio kwenye magawio hayo, na ikadai zaidi ya dola milioni 41 za Kimarekani. Kampuni ikajibu sisi ni wa Uingereza. Baraza la Rufani za Kodi lilikubaliana na TRA mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikatupa rufaa ya kampuni mwaka 2020.

Angalia kilichoamuliwa hapo. Hakuna aliyekwenda London kuwatafuta wenye hisa mmoja mmoja. Mahakama ilimtazama anayelipa ikasema wewe ni wa hapa, wewe ndiye ulitakiwa ukate. Mbinu ya jumbe, ila safari hii jumbe ni kampuni kubwa na wanaotozwa ni matajiri wa mbali. Kama ningekuwa na uwezo ningempigia kibarua wa Lupa wa 1935 simu nimweleze.

NA WA JIRANI, NG'AMBO YA BARABARA?

Si kila wa nje yupo London. Kwa watu wa Tunduma wa nje ni mtu wa Nakonde, unavuka barabara umefika Zambia. Na hapa historia ilikwenda tofauti.

Zambia ilipata uhuru 1964, mwaka uliofuata Rhodesia ya Ian Smith ikajitangazia uhuru wake, na njia ya Zambia kwenda baharini kupitia kusini ikawa shida. Wakageukia Tanzania. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika 1968, reli ya TAZARA ikajengwa kuanzia 1970 na kukabidhiwa rasmi 1976. Katika mwaka huo huo wa 1968 nchi hizi mbili zilisaini mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili. Kwa mkataba huo, gawio, riba na malipo ya hakimiliki yanayokwenda kwa mkazi wa Zambia hayakatwi zuio hapa iwapo yatatozwa kodi huko kwao.

Yaani kwa Mzambia sifuri, kwa mtu wa London asilimia 10 au 15. Wengine wanaona ni mkataba wa zamani uliotoa sana. Mimi naona uliandikwa na majirani waliokuwa wanajenga bomba na kupanga reli pamoja, kila mmoja akitegemea mwenzake atatoza upande wake. Orodha ya mikataba yetu ya siku nyingi ni nchi tisa: Zambia, Afrika Kusini, India, Italia, Canada, Denmark, Finland, Norway na Sweden. Uingereza, iliyotutawala, haimo.

Ila msichanganye. Mkataba haufuti kila kitu. Kampuni ya Tunduma ikikodi ghala mjini hapo hapo na mwenye ghala anaishi Nakonde, jengo liko Tanzania na pango limezaliwa Tanzania. Asilimia 15 zinakatwa.

MWANYA MPYA

Kodi ya zuio inafanya kazi vizuri pale ambapo mlipaji ni mmoja na anaonekana: mgodi, benki, shule, kampuni ya simu. Je, walipaji wakiwa ni mamilioni ya watu wenye simu mkononi, kila mmoja analipia muziki au sinema kwa kampuni ya nje? Huwezi kumwambia kila mwanafunzi wa bwenini akate asilimia 15 kwenye malipo yake ya muziki halafu aandike taarifa TRA ndani ya siku 7. Tungefungwa wote!

Ndiyo maana Sheria ya Fedha ya 2022 ilileta kodi ya huduma za kidijitali, ikianza na asilimia 2, na hapo kampuni ya nje yenyewe ndiyo inayotakiwa ijisajili na kulipa. Mnaona tumerudi wapi? Tumerudi kwa Pitt wa 1799, kumwomba mtu ajitangazie. Safari hii ana rekodi za kadi na mitandao zinazoweza kumwumbua, kwa hiyo labda itakwenda vizuri. Lakini nguvu ya mtu wa katikati haipo.

KWA NINI NAWAAMBIA HAYA

Sababu ya kwanza ni ya kazi. Wengi wetu hapa tutakuwa walimu, na baadhi yenu mtaishia kuwa wakuu au wahasibu wa shule binafsi. Tuseme shule yako imemwalika mkufunzi kutoka Nairobi aendeshe semina ya wiki moja kwa shilingi 4,000,000. Yeye si mkazi. Unamlipa 3,400,000 na 600,000 unapeleka TRA. Ukimpa zote kwa sababu ya ukarimu, sheria haimfuati Nairobi. Inakufuata wewe, na shule italipa ile 600,000 kutoka mfukoni mwake, halafu ihangaike yenyewe kumdai.

Sababu ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi. Mkufunzi anaweza kusema mimi nataka 4,000,000 mkononi, kodi zenu hazinihusu. Shule ikikubali, mkataba unapanda mpaka kama 4,706,000 ili ukikata asilimia 15 ibaki ile aliyoitaka. Hapo kwenye makaratasi aliyelipa kodi ni mgeni. Kwenye ukweli ni shule, na ukifuatilia sana ni wazazi wa wanafunzi. Makampuni makubwa nayo huandikiana mikataba ya namna hiyo. Kwa hiyo sheria inaweza kumtaja aliye mbali, mahakama ikamtaja aliye mbali, na bado mzigo ukatua kwa aliye karibu kama ilivyokuwa 1898. Inategemea nani ana nguvu mezani siku ya kusaini.

Kwa hiyo tunaposoma kwamba serikali imeshinda kesi ya kodi dhidi ya kampuni ya nje, tufurahi, ndiyo, lakini tuulize pia mkataba ulisemaje. Na zile hela zikipatikana zinaingia Mfuko Mkuu, haziji Mbangala moja kwa moja. Kwa halmashauri kuna ushuru wa huduma unaotokana na mauzo. Hizi za zuio tunaziona zikirudi kwa njia ya bajeti, kama darasa, kama dawa, kama mkopo wa bodi unaolipia hiki chumba ninachoandikia. Vijiji vya Lupa vimetoa dhahabu kwa zaidi ya miaka 100. Kuuliza kipande kilichokatwa kiko wapi ni haki ya watu ambao babu zao walisimamishwa njiani kuonyesha tiketi.

Haya wadau, nimemaliza. Wale wa kozi ya historia ya uchumi, mkikopi kwa ajili ya semina basi angalau badilisheni aya ya kwanza, mwalimu asije akakuta habari za boom humo ndani. Tutaonana wiki ijayo Mungu akipenda.

Nawasilisha.